Haki Sawa ya Kitu Gani? Mkimbizi na Swali la Bomu la Nyuklia

Mada ya safari hii ni nzito kidogo: je, kila nchi huru ina haki sawa ya kuwa na silaha za nyuklia?

Tulipoitaja mada hii, kuna waliocheka. Mkimbizi na bomu la nyuklia wapi na wapi? Sisi tunahangaika na kuni, maji ya bomba yanayokuja kwa zamu, mgao wa mwezi na majibu ya faili zetu. Bomu ni mambo ya marais. Lakini jamani, subirini kwanza. Sisi tunaoandika hapa ni vijana wa kujitolea, familia zetu zinatoka Kivu ya Kusini, na tumekulia Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Wengine tulizaliwa humu humu. Na tunasema swali hili linatuhusu kuliko watu wengi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, bomu la kwanza kupigwa juu ya mji wa watu lilitengenezwa kwa jiwe lililotoka nchi yetu. Ya pili, sisi tunajua maana ya "nchi huru" kwa upande ambao marais hawaujui.

Jibu letu tunalitoa mapema ili msichoke kusubiri: hakuna nchi yenye haki hiyo, kubwa wala ndogo. Na wale wakubwa wasifurahi haraka, maana hapana yetu inaanza na wao.

Tuanze na jiwe.

Kule Katanga, karibu na Likasi, kuna mgodi unaitwa Shinkolobwe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Urani ya pale ilikuwa tajiri ajabu. Kuna mawe yaliyokuwa na zaidi ya asilimia 60 ya oksaidi ya urani, wakati migodi mingi duniani hata asilimia 1 haifiki. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York yakawekwa ghalani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, na mengine mengi yakafuata kutoka Katanga. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopigwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe.

Mpaka mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima. Nagasaki, iliyopigwa siku tatu baadaye, karibu 70,000. Katikati ya maiti hao walikuwemo maelfu ya Wakorea, na Korea wakati ule ilikuwa koloni la Japani. Wengi wao walikuwa wamepelekwa kufanya kazi.

Hebu angalia hapo. Waliochimba jiwe walikuwa Wakongo, watu wasio na nchi huru. Katika waliokufa kwa jiwe hilo walikuwemo Wakorea, nao hawakuwa na nchi huru. Hakuna aliyemuuliza mchimbaji wa Shinkolobwe jiwe linaenda wapi, na hakuna aliyemuuliza Mkorea wa Hiroshima kama vita ile ni yake.

Na mambo hayakuishia hapo. Nchi zilipotaka kujaribu mabomu yao, zilitafuta ardhi ya nani? Ufaransa ilijaribu bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960 kule Reggane, katika jangwa la Sahara la Algeria, wakati Waalgeria wanapigania uhuru. Ilifanya majaribio 17 katika jangwa hilo mpaka mwaka 1966, yaani hata baada ya Algeria kupata uhuru mwaka 1962. Uingereza ilijaribu Maralinga, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili wa Australia. Wasovieti walijaribu Semipalatinsk, kwenye ardhi ya Wakazakhi, zaidi ya mara 450 kati ya mwaka 1949 na 1989. Marekani ilifanya majaribio 67 katika Visiwa vya Marshall kati ya 1946 na 1958, visiwa ambavyo baada ya vita Umoja wa Mataifa uliikabidhi iviangalie kama mlezi.

Hawa wa Visiwa vya Marshall inabidi tuwasimame kidogo, maana ni ndugu zetu bila wao kujua. Mwezi Machi 1946 watu 167 wa kisiwa cha Bikini waliambiwa wahame kwa muda. Tunaomba kila mkimbizi asome tena neno hilo: kwa muda. Wakapelekwa kisiwa kingine, chakula kikawa hakitoshi, wakahamishwa tena, na tena. Tarehe 1 Machi 1954 likapigwa Bikini bomu lenye nguvu mara 1,000 ya lile la Hiroshima. Miaka ya 1970 baadhi yao walirudi kwao, lakini ilipoonekana mionzi imeingia kwenye miili yao kupitia chakula, mwaka 1978 wakaondolewa tena. Mpaka leo watu wa Bikini wanaishi mbali na Bikini. Sisi tunaongojea kurudi tunajua hiyo ladha. Tofauti ni kwamba kwetu, siku bunduki zikinyamaza, udongo utakuwa bado unalimika.

Sasa tuje kwenye sheria, maana watu wa mada hii wanapenda kusema "mkataba".

Mkataba mkubwa ni ule wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Ulifunguliwa kutiwa saini mwaka 1968 na kuanza kazi mwaka 1970. Karibu nchi zote za dunia zimo. Unazigawa nchi makundi mawili. Nchi iliyotengeneza na kulipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967 inatambuliwa kuwa nchi yenye silaha za nyuklia. Ni tano: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Hizo hizo tano ndizo zenye kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama. Zilizobaki zote ziliahidi kutokutengeneza. Nje ya utaratibu huo wako India na Pakistan ambazo zina mabomu, Israeli ambayo haikubali wala haikatai, na Korea Kaskazini iliyotangaza kujitoa mwaka 2003 na kulipua bomu la kwanza mwaka 2006.

Ili tuelewane, tuulete mkataba huu hapa kambini. Sheria ya kambi ni kwamba silaha hairuhusiwi. Ukivuka mpaka na bunduki unaikabidhi, na aliyekuwa mpiganaji anatenganishwa na raia, kwa sababu kambi lazima ibaki ya kiraia. Usiku wanaozunguka ni sungusungu, wakimbizi wenzetu, na filimbi zao. Sasa fikiria familia tano katika zoni zinasema, "Sisi bunduki zetu tulizinunua kabla ya tarehe ya katazo, kwa hiyo ni halali. Ninyi wengine msinunue." Halafu familia hizo hizo ndizo zinazoongoza kikao cha usalama. Je, hiyo ni haki? Hata mtoto wa darasa la tatu atasema siyo.

Kwa hiyo wale wanaouliza kwa nini Fulani awe nacho na mimi ninyimwe, hatuwadharau. Wana hoja. Nchi huru kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ni sawa, na tarehe ya kalenda haiwezi kuwa ndiyo inayompa mmoja haki na kumnyima mwingine.

Na hoja yao ina nguvu zaidi ukiangalia yaliyowapata walioacha. Ukraine baada ya Sovieti kuvunjika ilibaki na maelfu ya vichwa vya nyuklia kwenye ardhi yake, ingawa funguo za kuvifyatua zilikuwa Moscow. Ikavitoa vyote. Tarehe 5 Desemba 1994 kule Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza zikaweka saini kwamba zitaheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikachukua Crimea, na Februari 2022 ikaivamia nchi kwa jumla. Libya iliacha mpango wake Desemba 2003, na Gaddafi akauawa Oktoba 2011. Korea Kaskazini haikuacha, na hakuna aliyeivamia. Kijana akipanga mifano hii mitatu kwenye mstari, anaondoka na somo moja tu: shika bomu lako.

Hapa zoni yetu kuna mzee mmoja tunayemheshimu sana, tunamwita Baba Mkubwa, tukipita kwake jioni tunamsalimia na kukaa. Tulipomweleza mada alisema bila kufikiri mara mbili: "Wanangu, kama Kongo ingekuwa na bomu ya atomiki, hakuna mutu angetugusa. Tungekuwa kwetu."

Hatukuweza kucheka. Ni maneno ya mtu aliyezika watu wake. Na tunajua vijana wengi wanaosema hivyo hivyo, kwa maneno mengine. Kwa hiyo jibu letu tunalipeleka kwake kwa heshima, maana yeye ndiye mwenye hoja ngumu kuliko mabalozi wote wa New York.

Baba Mkubwa, kwanza tuulize bomu hilo lingepigwa wapi. Vita vilivyotutoa kwetu ni vita vya vikundi msituni, vya watu wanaokuja usiku na bunduki na mapanga, ambao mchana wanachanganyika na raia sokoni. Majeshi ya nchi jirani yameingia, ni kweli, lakini nayo hupita kwenye vijiji vilevile na kwa mgongo wa vikundi vilevile. Bomu linaloua mji mzima lingempata nani Fizi au Uvira? Lingetupata sisi. Hakuna bomu la nyuklia linalojua kutofautisha mwenye bunduki na mwenye jembe.

Na hata kwa vita vya nchi kwa nchi, bomu halilindi kama linavyosifiwa. Mwaka 1982 Argentina iliingia visiwa vya Falkland huku ikijua vizuri Uingereza ina nyuklia. India na Pakistan zote mbili zililipua mabomu ya majaribio mwaka 1998, na mwaka uliofuata zikapigana Kargil, milimani Kashmir. Bomu linamfanya jirani aogope kidogo, halafu pande zote zinazoea na kuendelea kupigana, ila sasa kila kosa dogo linaweza kuwa la mwisho.

Pili, tuangalie ziwa letu. Tanganyika ni la nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Wengi wetu tulivuka maji hayo kuja huku, na ndugu zetu pande zote wanakula dagaa wa maji hayo. Chukua nchi moja kati ya hizo nne, ipe "haki" ya bomu, halafu litumike mara moja tu karibu na pwani. Mionzi itasimama kwenye mpaka gani? Nani ataiomba vibali vya kuvuka? Mamlaka ya nchi yanaishia mpakani, na kila haki ya nchi inapaswa kuishia hapo pia. Silaha ambayo kazi yake haiwezi kubaki ndani ya mpaka wako wala ndani ya ugomvi wako, huwezi kusema ni haki yako peke yako. Jirani asiyegombana na mtu naye ana nchi huru.

Tatu, tuulize nchi ni nani. Hili wakimbizi tunalijua vizuri. Nchi inaweza kuwa na bendera, kiti Umoja wa Mataifa na wimbo wa taifa, na bado raia wake walale kwenye mahema ya nchi nyingine. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita ya nyuklia, na ilikuwa nchi huru yenye mipaka inayotambulika. Lakini serikali iliyoyatengeneza ilikuwa ya ubaguzi wa rangi, iliyowanyima kura raia wake walio wengi. Sasa mabomu yale yalikuwa haki ya nani? Ya Mwafrika wa Soweto? Ukisema "kila nchi ina haki", umeshampa bomu kila anayekaa ikulu, aliyechaguliwa na asiyechaguliwa, mwenye akili na mwenye hasira. Sisi tuliokimbia maamuzi ya wenye ikulu na wanaoitaka ikulu hatuwezi kutia saini hapo.

Nne, binadamu hukosea na mashine hukosea. Tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Wasovieti ilionyesha makombora ya Marekani yako njiani. Ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaamua kwamba ni hitilafu ya mitambo, akaripoti hivyo kwa wakubwa wake. Alikuwa sahihi, hakukuwa na kombora lolote. Dunia ilitegemea utulivu wa mtu mmoja kwenye kiti chake usiku ule. Kila nchi mpya inayopata bomu inaongeza viti vya namna hiyo, na siyo kila kiti kitakuwa na Petrov.

Turudi kwenye zile familia tano zenye bunduki. Ukiziuliza akina mama wa zoni dawa ni nini, hakuna atakayesema kila nyumba inunue bunduki ili tuwe sawa. Watasema zile tano zilete zao. Usawa huo nao ni usawa, na ndio pekee ambao mtoto anaweza kulala ndani yake.

Tena Waafrika tumeshauanza. Afrika Kusini ilibomoa mabomu yake, na Machi 1993 Rais de Klerk akalitangazia bunge kwamba yalikuwepo na hayapo tena. Ndiyo nchi iliyotengeneza mabomu yake yenyewe na kuyaacha yote. Mwaka 1996 nchi za Afrika zikatia saini Mkataba wa Pelindaba unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na ukaanza kazi mwaka 2009. Pelindaba ni jina la kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini, yaani mahali pa siri ya bomu pakawa jina la kulikataa. Mwaka 2017 nchi nyingi, nyingi zikiwa ndogo na maskini, zikapitisha mkataba wa kuzipiga marufuku silaha hizi kabisa, kwa kila mtu. Ulianza kazi tarehe 22 Januari 2021. Kongo yetu, nchi ya Shinkolobwe, iliuridhia mwaka 2022. Kati ya nchi zenye mabomu, hakuna hata moja iliyoingia.

Na hapo ndipo hapana yetu inapowarudia wakubwa. Ule mkataba wa 1968 haukuwa zawadi kwao. Kifungu cha 6 kinawadai wafanye mazungumzo kwa nia njema ya kuondoa silaha. Mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji wote kwa sauti moja, ilisema kuna wajibu wa kuyafanya mazungumzo hayo na kuyafikisha mwisho. Vichwa vya nyuklia vimepungua, kweli, kutoka karibu 70,000 miaka ya 1980. Lakini bado vimebaki zaidi ya 12,000, na karibu tisa kati ya kila kumi ni vya Marekani na Urusi. Ahadi ina zaidi ya nusu karne. Mwenye deni la namna hiyo akisimama kumhubiria mwingine asikope, nani atamsikiliza? Kila siku wanayochelewa, wanampa nguvu Baba Mkubwa na wote wanaofikiri kama yeye.

Kwa hiyo tukiulizwa kama nchi zote zina haki sawa, tutauliza: haki sawa ya kitu gani? Mkataba ule ule, kifungu cha 4, unasema kila nchi ina haki ya kutumia nyuklia kwa amani. Hiyo tunaidai kwa nguvu zote. Kinu cha kwanza cha utafiti wa nyuklia Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, lakini mama yetu akipata saratani leo huko Kivu, mashine ya mionzi ya kumtibu ataipata wapi? Hapo ndipo tungependa kusikia marais wanapiga meza kuhusu usawa.

Na kuna haki nyingine ambayo haiandikwi kwa jina la nchi. Ni haki ya mtu, awe na pasipoti au awe na kadi ya ukimbizi tu, kutokuwa shabaha ya ugomvi asioujua. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakuwa nayo. Mkorea wa Hiroshima hakuwa nayo. Watu wa Bikini hawakuwa nayo. Wote walikuwa watu wasio na kiti mezani, kama sisi. Ndiyo maana tunasema mkimbizi anahusika.

Baba Mkubwa tulimweleza haya yote, akatusikiliza mpaka mwisho. Hakusema tumemshinda. Alisema, "Basi waambieni wale wengine nao waziache." Tumeandika ili kuwaambia.

Kama unaona tofauti na sisi, andika nawe, tena andika kwa hoja. Safari ijayo zamu ni ya dada zetu, watatuandikia kuhusu shule ya jioni. Amani kwenu.